Oili na Petroli: Historia ya Injini za Mashua katika Homa Bay na Migori

Historia ya zana za binadamu ni historia ya kazi zilizotoka mkononi zikaingia chomboni. Jiwe la kusagia lilipisha kinu cha mashine, kalamu ikapisha chapa, na kasia likapisha injini. Kila mara kazi ilipohama hivyo, mtu alipata nafuu, na hapana haja ya kuikana nafuu hiyo. Lakini pamoja na nafuu lilikuja swali: ikiwa chombo kimeacha kufanya kazi iliyokabidhiwa kwake, nani atajua, na je, atajua kwa wakati?

Swali hili huulizwa juu ya ndege na juu ya mitambo mikubwa ya umeme. Katika insha hii tutaliuliza juu ya jambo linaloonekana kuwa dogo, nalo ni namna ya kutia oili katika injini ya mashua. Jambo hilo ni dogo kwa mtu aliye nchi kavu. Kwa mvuvi aliye mbali na pwani ya Muhuru au Karungu wakati wa usiku, wingu jeusi likipanda, si dogo hata kidogo.

Homa Bay na Migori ni kaunti mbili za Kenya zilizo kando ya Ziwa Victoria. Zamani zilikuwa pamoja katika wilaya ya Nyanza Kusini. Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Sehemu hiyo ina sura mbili. Ya kwanza ni Ghuba ya Winam, yenye maji yaliyozungukwa na nchi, ambako miji ya Kendu Bay na Homa Bay imejengwa. Ya pili ni ziwa la wazi, lianzalo baada ya kupita Mbita na kisiwa cha Rusinga, likaelekea Mfangano, Remba na Ringiti, na upande wa kusini likazifikia pwani za Migori. Mtu wa ghuba anaweza kuziona pwani zake karibu siku zote. Mtu wa ziwa la wazi huziacha nyuma, asizione tena mpaka arudi.

Kabla ya injini, bwana wa safari alikuwa upepo. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana, jua likisha kuipasha nchi joto, upepo hugeuka ukatoka ziwani kuja pwani. Wavuvi Wajaluo na Wasuba waliijua saa hiyo vizuri. Walitoka na upepo wa kwanza, wakarudi na wa pili, na upepo ulipokosekana walishika makasia. Kwa hiyo umbali wa kwenda ulipimwa kwa nguvu za mikono na kwa tabia ya hewa.

Mabadiliko yalianza mwanzoni mwa karne ya 20. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za mvuke zikaanza kuzunguka ziwa na kutia nanga katika bandari ndogo kama Kendu Bay na Homa Bay. Mwaka 1905 nyavu za kutegea zilizotengenezwa Ulaya zililetwa katika ghuba, zikaanza kushindana na mitego ya matete na vikapu. Lakini meli za mvuke zilikuwa mali ya serikali na ya wafanya biashara. Mvuvi aliziona zikipita, naye akaendelea kupiga kasia.

Wakati huo huo, mbali sana na hapa, mashine iliyokuja kumfaa mvuvi ilikuwa imekwisha kuzaliwa. Karibu na mwaka 1889 Mwingereza Joseph Day, mhandisi wa mji wa Bath, alibuni injini nyepesi ya mapigo mawili. Mwaka 1906 Cameron Waterman alianza kuuza Marekani injini za kufungwa nyuma ya mashua. Mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, akaanza kuuza yake katika mji wa Milwaukee. Injini yake ilikuwa na silinda 1 na nguvu ya farasi 1 na nusu tu. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba mtu mmoja aliweza kuibeba, kuifunga juu ya ubao wa nyuma, na kuifungua tena akaenda nayo nyumbani.

Katika Ziwa Victoria injini za namna hii zilianza kuenea katika miaka ya 1950, wakati uo huo nyavu za nailoni zilipokuwa zikichukua mahali pa nyavu za pamba na kitani. Hata umbo la mashua lilibadilika. Mashua ya Sesse, iliyopewa jina la visiwa vya Uganda, kwa asili ilikuwa imechongoka mbele na nyuma. Injini haiwezi kufungwa kwenye ncha. Kwa hiyo mafundi waliikata ncha ya nyuma wakaweka ubao mpana. Mpaka leo maofisa wanaohesabu vyombo vya ziwa hili huandika Sesse za namna mbili: zilizochongoka pande zote mbili, na zilizo bapa upande mmoja. Msomaji akienda pwani ya Mbita au Sori anaweza kuisoma historia hii katika mbao za mashua bila kufungua kitabu.

Sasa yafaa tueleze kwa nini injini hizo zilihitaji mafuta ya namna mbili katika tangi moja. Injini ya gari ya mapigo manne ina oili yake chini, katika chombo kilicho chini ya pistoni. Oili hiyo hukaa humo, huzungushwa na pampu, na petroli haipiti mahali hapo. Injini ya Day haina nafasi hiyo. Pistoni inapopanda huvuta hewa na petroli kwanza katika chumba cha chini, na inaposhuka huisukuma hewa hiyo juu ili iwashwe. Kwa kuwa chumba cha chini ni njia ya petroli, oili haiwezi kutulia humo kama maji katika mtungi. Njia nyepesi iliyobaki ni kuichanganya oili na petroli yenyewe. Petroli hupita, na oili huacha utando mwembamba juu ya beringi, pistoni na kuta za silinda, kisha huungua na kutoka pamoja na moshi.

Basi kipimo kikawa sheria ya kwanza ya injini hizi. Injini za zamani za British Seagull, zilizojulikana sana katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, zilitaka sehemu 10 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Katika dumu la lita 20 za petroli hizo ni lita 2 nzima za oili, na moshi wake ulitangulia habari zake. Injini nyingine zilitaka sehemu 24 kwa 1. Beringi na oili zilipotengenezwa kwa ubora zaidi, kipimo kilipungua. Mwaka 1964 injini mpya za Johnson na Evinrude zilitoka na kipimo cha 50 kwa 1, yaani mililita 400 tu katika lita 20. Katika miaka ya 1980 watengenezaji wengine walijaribu hata 100 kwa 1, na baadhi yao wakarudi nyuma.

Hesabu hizi ni rahisi darasani, lakini pwani zina hatari zake. Injini ya zamani ikipewa kipimo cha injini mpya hukosa oili. Pistoni hupata joto, hupanuka, hukwaruza ukuta wa silinda, na mwisho hukwama. Oili ikizidi mno, plagi huchafuka, masizi hujaa, na injini hukataa kuwaka. Oili ya gari nayo si badala nzuri, kwa maana viungo vyake huacha majivu ndani ya silinda. Oili ya injini za mashua hutengenezwa ili iungue bila majivu mengi, na mara nyingi hutiwa rangi, ili mtu akiitazama petroli ajue kama imechanganywa au haikuchanganywa.

Ilikuwa wazi tangu mwanzo kwamba kipimo cha mkono kina kasoro nyingine. Injini inayokwenda kwa nguvu zote huhitaji oili nyingi. Inayozunguka polepole wakati wa kutega nyavu huhitaji kidogo kwa kila lita ya petroli. Mchanganyiko wa dumu haujui tofauti hiyo. Kwa hiyo wahandisi walitafuta njia ya kuiweka oili katika tangi lake peke yake, na kuipa pampu kazi ya kuipima. Mwaka 1964 kampuni ya Yamaha ya Japani ilianza kuuza pikipiki zenye pampu ya namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fikira hiyo iliingia katika injini za mashua. Kuanzia matoleo ya mwaka 1984, kampuni ya Marekani iliyotengeneza Johnson na Evinrude ilitia pampu moja iliyovuta petroli na oili pamoja, na kuzidisha oili kadiri injini ilivyoongeza kazi. Watengenezaji wengine walifuata kwa pampu zilizozungushwa na meno ya injini na kuunganishwa kwa fimbo na mshipi wa kuongeza mwendo.

Ahadi ilikuwa njema. Hapana tena kupima kwa chupa gizani, hapana tena kusahau, na moshi ulipungua. Mwenye mashua alijaza oili katika tangi lake, akajaza petroli safi, akaenda zake. Kama oili ingepungua, king'ora kingelia.

Lakini vyombo huzeeka, na mipira ya oili hukakamaa ikapasuka. Hewa huingia katika njia ya oili. Maji ya mvua hupenya tangini. Meno ya plastiki ya baadhi ya pampu hulika. Nyaya za king'ora hushika kutu, na king'ora kilichokufa hakiwezi kutangaza kifo chake. Hapa ndipo tofauti kubwa ya njia hizi mbili inapoonekana, na msomaji aishike vizuri. Katika injini ya mchanganyiko, oili na petroli husafiri pamoja. Njia ikiziba kabisa, zote mbili hukoma. Injini huzimika, nayo haikuharibika. Katika injini yenye pampu ya oili, petroli yaweza kuendelea kufika hali oili imekoma. Injini huendelea kunguruma kama kawaida kwa muda, na mwendeshaji huiamini kwa sababu inanguruma. Anapojua kuna kasoro, pistoni imekwisha kukwama.

Ndiyo sababu katika Marekani kwenyewe watu wengi wenye injini za namna hiyo waliifungua pampu ya oili, wakaziba njia zake, wakarudi kuchanganya kwa mkono. Mtengenezaji aliirekebisha pampu yake mara kadha wa kadha, na hapana budi kusema kwamba nyingi zilifanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Lakini kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2000, na mwaka 2020 warithi wa jina la Evinrude wakaacha kutengeneza injini za mashua. Pampu ya pekee iliyotengenezwa na mtu mmoja huwa yatima anapoondoka mtu huyo. Chupa ya kupimia haina baba mmoja, na haiwezi kuwa yatima.

Turudi sasa Nyanza. Samaki aitwaye mbuta aliingizwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amejaa katika maji ya Kenya. Viwanda vya kukata minofu vilijengwa, na samaki aliyeliwa zamani Kendu Bay akaanza kuliwa Ulaya. Mbuta huharibika upesi. Kwa hiyo zilihitajika mashua za kwenda mbali na kurudi haraka, na mashua za kukusanya samaki kutoka visiwani zikiwa na barafu. Injini ikawa uti wa mgongo wa biashara. Hata Umoja wa Ulaya ulipoufunga mlango wa samaki wa ziwa hili kwa vipindi kati ya mwaka 1997 na 2000, injini hazikuondoka. Mvuvi aliyezoea kufika mbali hakurudi kupenda kasia.

Katika pwani hizi injini iliyopata heshima kubwa ni Yamaha, na hasa ya jamii ya Enduro, yenye nguvu za farasi 15, 25 au 40. Hapa pana jambo la kuzingatia. Kampuni iliyotia pampu ya oili katika pikipiki zake tangu mwaka 1964 haikushindwa kuitia katika injini za wavuvi. Hata hivyo Enduro hizo ziliendelea kuuzwa zikihitaji petroli iliyochanganywa kwa mkono. Mhandisi alifikiri juu ya mahali injini itakapofanyia kazi: mahali ambapo fundi ni kijana mwenye spana chache chini ya mti, kipuri chatoka mbali, na kila kitu kisichokuwamo katika injini ni kitu kisichoweza kuharibika. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini tusiufanye mchanganyiko kuwa mtakatifu. Una dhambi zake, nazo ni nzito. Injini ya zamani ya mapigo mawili huweza kutupa robo ya petroli yake au zaidi bila kuiunguza, na petroli hiyo huenda majini pamoja na oili. Maji hayo ndiyo yachotwayo kwa ndoo pwani kwa kupikia na kunywa. Kwa ajili ya uchafu huo serikali ya Marekani ilitoa kanuni mwaka 1996 zilizowalazimu watengenezaji kuziacha polepole injini hizo za zamani, na injini za mapigo manne zikachukua mahali pake katika nchi nyingi. Pampu ya oili haikuiponya dhambi hii yote, lakini iliipunguza. Katika miaka ya 2020 injini za umeme nazo zimeanza kujaribiwa katika pwani za Homa Bay. Siku zikishinda hizo, mjadala wa chupa na pampu utabaki kuwa historia.

Mchanganyiko una dhambi ya pili, isiyo ya mashine bali ya watu. Katika pwani nyingi mwenye mashua si yeye aendaye ziwani. Yeye hununua petroli na oili; wengine hupanda na kusafiri, nao hulipwa kwa sehemu ya samaki waliovuliwa. Oili ni ghali, na mkono wa mwenye kuibana fedha huweza kutetemeka juu ya chupa. Akipunguza mililita 200, faida ya siku hiyo ni yake. Injini ikikwama mbali na nchi, upepo na mawimbi ni ya watu wengine. Kwa upande huu pampu ni ya haki kuliko mkono, kwa kuwa pampu haina tamaa. Lakini pampu nayo haitazamwi na macho ya mtu, na tangi lake laweza kuachwa tupu na mkono ule ule.

Hukumu gani basi itolewe? Mtu akituambia kwamba kuchanganya kwa mkono ni ujinga wa watu wa zamani, hakuijua historia hii. Na mtu akituambia kwamba pampu ni anasa isiyofaa, hakuijua pia. Kila njia ilizaliwa ili kuponya kasoro ya nyingine. Palipo na fundi mwenye ujuzi, vipuri, na desturi ya kukagua mipira na king'ora kila msimu, pampu ni mtumishi mwema. Pasipo na hayo, heri kazi ibaki mkononi, kwa sharti mkono uwe mwaminifu na kipimo kiwe cha kweli.

Sharti hilo ndilo kiini cha maneno yetu. Anayechanganya lazima ajue kipimo cha injini yake, si cha injini ya jirani. Atumie chombo chenye alama, si kukisia kwa jicho. Atie oili kwanza na petroli kidogo, atikise, kisha ajaze. Mwenye injini yenye pampu ya zamani achague njia moja: ama aitunze pampu hiyo kwa bidii, ama aifunge kabisa na kuchanganya, asiiache nusu nusu akatumaini. Na kila anayepanda mashua awe na haki ya kulitazama dumu kabla ya kuondoka, aione rangi ya mafuta ambayo uhai wake utategemea.

Kijana asomaye hesabu za uwiano katika shule ya Mbita, ya Homa Bay au ya Migori pengine hujiuliza hesabu hizo zafaa nini. Pwani jibu lipo kila jioni, mashua zinapotiwa mafuta. Hamsini kwa moja, katika maji ya Muhuru wakati wa usiku, ni hesabu ya mtu kufika nyumbani.